Mama Peda, Vanila, na Farasi wa Matanga

Mara ya kwanza Tayeb alipozungumza na Mama Peda alimwambia uongo, na yule mama akamrudishia uongo wake kama mwenye duka anavyorudisha noti iliyochanika.

Ilikuwa siku ya soko chini ya kilima cha Weekaroro. Pikapu ya Tayeb ilikuwa imeegeshwa mahali pake pa siku zote, kando ya ukuta wa kanisa, mizani ikining'inia nyuma. Tayeb alikuwa mtu wa Bima, mji wa kisiwa cha jirani huko Indonesia. Alivuka bahari kuja kisiwa cha Sumba miaka ishirini na miwili nyuma na mzigo wa masufuria, akauza masufuria, akanunua korosho, akauza korosho, akanunua pikapu, na katika safari yote hiyo hakuna aliyempa kitu bure, wala yeye hakumpa mtu. Wenyeji walimwita Haji, kwa kuwa ndivyo walivyomwita kila Mwislamu mwenye mizani. Maka alikuwa hajaiona hata kwenye kalenda ya ukutani. Hakuwasahihisha. Jina la Haji lilikuwa linashusha bei.

Mama Peda alikuja na beseni la plastiki lililofunikwa kwa kitambaa. Alikuwa mwanamke mkavu wa miaka hamsini na ushei, midomo imekolea wekundu wa tambuu. Alipofunua beseni, harufu ilimfikia Tayeb kabla ya macho. Maganda ya vanila, meusi, marefu, laini, yanazungushika kidoleni bila kukatika. Upande ule wa kisiwa hakuwa amewahi kukutana na vanila ya namna hiyo. Basi akakunja uso.

"Hizi zilichumwa changa," alisema.

Mama Peda aligeuka, akatema mate mekundu pembeni bila haraka. "Zimeiva, Haji. Ambaye hajaiva hapa ni wewe."

Dairo, dereva wa Tayeb, mwenyeji wa bonde la pili, alijifanya anakagua tairi ili acheke vizuri.

Tayeb akataja bei. Mama Peda akafunika beseni. Akataja nyingine. Mama Peda akaliweka beseni kichwani, akaondoka zake akipanda kilima, hata bei yake mwenyewe hakuitaja.

Sasa Tayeb alikuwa na sheria moja tu katika biashara: muuzaji akiondoka, usimfuate, kwani ukimfuata umeshapandisha bei kwa miguu yako mwenyewe. Alikaa. Akapima korosho za watu. Lakini macho yalikuwa yanakwenda njiani, kisha yanakwenda upande wa pili wa soko, alikosimama mnunuzi mwingine, kijana wa mjini mwenye pikipiki nyekundu, anayenunua vanila ikiwa bado mbichi, kijani kama maharage, na kuikausha kwa moto ili aiuze upesi. Yule kijana akiliona beseni lile, basi. Akamwachia Dairo mizani, akapanda kilima na viatu vyake vya mjini.

Alimkuta Mama Peda amekaa kwenye baraza ya nyumba, amekwisha kuandaa tambuu ya watu wawili.

"Umechelewa," alimwambia. "Nilidhani utanifikia pale kwenye mnazi."

Siku hiyo alimwonyesha shamba. Lilikuwa nyuma ya nyumba, mteremko wa mawe, mimea ya vanila ikiwa imepandishwa kwenye miti midogo ya kivuli. Kila ganda lilikuwa na alama: vitone vitatu na mstari, vilivyochomwa kwa pini ganda likiwa changa, hivi kwamba kovu linakua pamoja nalo. Mwizi akiliiba ataliuza kwa nani? Tayeb alisimama akiyaangalia makovu yale. Alipenda watu wasioamini majirani zao. Ndio watu wa kufanya nao biashara.

Walikubaliana hapo barazani. Tayeb angeleta vipando na miti ya kuegemea, na nguvu za kupanua shamba mpaka chini bondeni. Mama Peda angeozesha maua, dume kwa jike, na kulinda, na asingechuma ganda lolote kabla ncha yake haijaanza kuwa njano. Kilichovunwa chote kingekuwa cha Tayeb kununua kwanza. Hakuna karatasi. Walitafuna tambuu. Tayeb, ambaye haitafuni, alitafuna mpaka kichwa kikamzunguka, akateremka kilima ameshikilia miti.

Kuozesha maua ndiko watu wa pale wanakoita kazi yenyewe. Ua la vanila hufunguka alfajiri na kufikia adhuhuri limenyauka, na bila mkono wa mtu halizai kitu. Mama Peda alifanya kazi hiyo kwa mwiba wa mchungwa. Analishika ua kwa vidole viwili, anainua kiwambo kinachotenganisha dume na jike, anavibana kwa kidole gumba, anakwenda kwa lingine. Alijifunza kwa sista mmoja wa misheni, zamani, alipokuwa akifua nguo za masista. Sista aliondoka, mwiba ukabaki.

Alikuwa ameolewa Weekaroro akiwa na miaka kumi na saba, ametoka bonde la mbali, njia ya siku nzima. Mume alianguka kutoka kwenye paa wakibadilisha nyasi, hakuinuka. Mtoto hawakujaliwa. Nyumba ikabaki ya kaka wa mume, Mzee Lende, na yeye akabaki ndani yake kama kigoda: hakuna anayekifukuza, hakuna anayekiuliza. Mzee Lende ndiye aliyempa ule mteremko. "Acha acheze na mawe," aliwaambia watu. Mashemeji zake wa kike walikuwa na utani wao: "Peda anaozesha maua elfu kwa mwaka, mwenyewe analala na mto."

"Mto haukoromi," angewajibu, akaendelea na kazi.

Miaka mitatu mambo yalikwenda vizuri, na hilo ndilo lililomponza Tayeb. Mnunuzi mmoja mkubwa wa bandari ya Surabaya aliionja ile vanila akasema ataichukua yote itakayopatikana, ilimradi iwe imeiva mtini; changa hataki hata kuiona. Tayeb akaanza kupanda kama mtu aliyeota ndoto. Aliuza pikapu yake ya pili. Aliuza bangili za mkewe. Mteremko wote ukajaa.

"Umepanda bangili zangu kule mlimani," mkewe alimwambia. "Zikiota, uniite nikatazame."

Tangu hapo Tayeb hakulala usingizi wa kueleweka. Ganda la vanila linakaa mtini miezi tisa kama mimba, na katika miezi hiyo yote mali ya mtu iko nje, usiku na mchana, imening'inia kwenye kamba za majani katika kijiji ambacho gari haliingii masika. Mvua ikizidi mizizi inaoza. Ikikosekana maganda yanadondoka. Na zaidi ya hayo kuna watu. Kila simu ilipolia Tayeb aliiangalia kwanza kama mtu anayeangalia nyoka.

Ilikuwa mwezi wa saba wa ile mimba, mvua kali, siku ya Jumatano, simu ilipolia na ikawa ni Mama Peda. Weekaroro mtandao unapatikana mahali pamoja, juu ya tangi la maji, kwa hiyo mtu hakupigii kukusalimia.

"Haji," alisema, upepo ukipiga ndani ya simu. "Mzee Lende amefariki. Siku ya kumi leo amelazwa ndani, kama desturi yetu. Tunamzika Jumamosi."

Tayeb alitoa pole. Kisha akangojea lile la pili.

"Bili ndiye mkubwa wa nyumba sasa." Bili alikuwa mdogo wa marehemu, mtu mwenye sauti kubwa na mifuko mitupu. "Wajomba wa marehemu wanakuja Jumamosi. Lazima wapewe farasi. Bili hana farasi. Jana yule wa pikipiki nyekundu alikuwa hapa, wametembea shambani wawili, wanahesabu kwa vidole."

"Bado wiki sita!" Tayeb alisema.

"Mimi najua. Bili anasema mteremko ni wa nyumba, na kilicho juu ya mteremko ni cha nyumba. Watachuma Jumamosi asubuhi, kabla wageni hawajajaa."

"Nitamtumia pesa. Leo hii."

"Usimletee Bili pesa. Pesa ataila, na vanila atachuma. Anahitaji kitu chenye miguu." Upepo ukapiga. "Njoo mwenyewe, Haji. Ingia kwa mlango wangu."

Simu ikakatika.

Tayeb alikaa na hesabu yake. Vanila ikichumwa changa, Surabaya hawaitaki, na yeye hana pikapu ya pili, hana bangili, ana mke. Farasi ni ghali, lakini farasi mmoja dhidi ya mteremko mzima ni kitu kidogo. Angeweza kwenda na nguruwe, kama wageni wengine wanavyofanya, ila nguruwe hamgusi kwa dini yake. Nyati wa kufugwa angempasua mfuko. Farasi, basi, na kwa kuwa Bili alikuwa anahitaji farasi hasa, Tayeb aliona amefikiri kwa akili sana. Dairo, aliposikia mpango wote, alimtazama kidogo, akafungua mdomo, akaufunga, akaenda kuwasha gari.

Kutoka mjini hadi Weekaroro ni kilomita hamsini na kidogo, lakini masika hakuna apimaye njia hiyo kwa kilomita. Huulizwa tu: mto ukoje? Ijumaa walilala gereji gari likitengenezwa breki. Jumamosi alfajiri walifika mtoni, na mto ulikuwa umejaa, rangi ya kahawa yenye maziwa, unabeba matawi. Pikapu ikabaki ng'ambo ya huku. Farasi walimnunua papo hapo, kijiji cha ukingoni, kwa mtu aliyeliona tope kwenye suruali ya Tayeb na kuelewa kila kitu.

"Unakwenda matangani," yule mtu alisema.

"Napita tu."

"Unapita na farasi kwenda Weekaroro siku ya maziko." Akataja bei ambayo Tayeb asingeilipa hata kwa farasi wawili. Tayeb akapunguza, yule mtu akaangalia jua. Tayeb akapunguza tena, yule mtu akaangalia jua tena. Kule juu, sasa hivi, labda Bili ameshika kisu. Tayeb akalipa.

"Na kamba?" aliuliza.

"Kamba ni yangu. Ukiitaka, tuzungumze."

Akanunua na kamba.

Kuvuka kulichukua karibu saa nzima. Farasi alikuwa mwekundu, mdogo kama farasi wote wa kisiwa kile, na alilichukia lile tope linalokimbia. Dairo alimvuta mbele, Tayeb alishika mkia, maji kifuani, viatu vimefungwa shingoni. Katikati ya mto mguu wake ulikosa jiwe. Alichokiwaza hapo si mkewe wala Mungu. Aliwaza kwamba akifa, farasi huyu Dairo atamfikisha peke yake na hakuna atakayejua ameletwa na nani. Farasi akapanda ukingo, naye akaburutwa juu na mkia.

Walipofika lango la kijiji jua lilikuwa limesimama juu. Upatu na ngoma zilikuwa zinapigwa. Makundi ya wageni yalisimama foleni nje ya lango, kila kundi na mnyama wake, wakingoja kupokewa. Kutoka pale langoni Tayeb aliweza kuuona mteremko nyuma ya mapaa. Aliutazama mpaka macho yakamwuma. Mistari ya juu ilikuwa mizima. Ya chini hakuiona.

Msemaji wa nyumba, mzee mwenye panga kiunoni na kilemba, alikuja akatembea mbele yao huku na huku kama ilivyo desturi, akauliza kwa sauti ya kuimba ni nani hawa waliosimama na tope miguuni, wamekuja na nini, wanaingia kwa mlango wa nani.

Dairo alimgusa Tayeb kwa kiwiko. "Jibu."

"Tumekuja na farasi," Tayeb akasema. "Tunaingia kwa mlango wa Mama Peda."

Upatu ukanyamaza kidogo. Kisha upande wa wanawake, barazani, vigelegele vikapasuka, virefu, na upatu ukarudi kwa nguvu mara mbili. Tayeb aliona kwamba ameeleweka vizuri. Akapokonywa kamba, akashikwa mkono, akaketishwa kwenye mkeka upande wa kushoto wa baraza, kati ya wanaume wenye tope kama yeye. Mbele yao, upande wa pili, walikaa watu wengine wenye nguruwe waliofungwa kwenye miti, wametulia, wanaangalia huku kama watu wanaosubiri kuhudumiwa.

Mwenzake wa kulia, mtu mnene, alimsogezea tambuu. "Wewe umeoa lini hapa?"

"Mimi? Sijaoa hapa. Nina mke mjini."

"Sote tuna wake mahali," yule mnene akasema. "Nakuuliza wa hapa."

"Nimekuja kumzika mzee tu."

"Na farasi?"

"Na farasi."

Yule mnene akawageukia wenzake. "Jamani, huyu ameleta farasi na hajui ameoa." Wakacheka kwa adabu, maana maiti ilikuwa hatua kumi pale ndani. "Ndugu yangu, wanaoleta farasi hapa ni sisi tuliochukua mabinti wa nyumba hii. Wale wa upande wa pili wenye nguruwe ni wajomba wa nyumba, waliotoa mabinti kuja hapa. Wewe umesimama langoni ukasema farasi, ukasema mlango. Karibu. Umekuwa mkwe."

Miaka ishirini na miwili Tayeb alikuwa amepima mazao ya watu hawa, lakini matangani mwao hakuwahi kuingia. Kila msiba aliweka kilo ya sukari mlangoni, akaondoka. Sukari haina upande. Sasa alimtafuta Dairo kwa macho, akamkuta amekaa nyuma kwenye kivuli, anakula.

"Ulijua," alimwambia.

"Unanilipa niendeshe gari, Haji," Dairo akajibu. "Mila hukuniuliza."

Farasi alikuwa hayupo tena. Bili alikuwa amekwisha kumkabidhi kwa wajomba wa marehemu, watu wa upande wa pili, nao wanamkagua meno. Kisha Bili mwenyewe akaja, uso unametameta, akamkumbatia Tayeb mbele ya watu wote.

"Shamba," Tayeb akasema masikioni mwake. "Bili, shamba."

Bili akamwachia. Akaangalia chini. "Tulianza asubuhi. Mistari miwili ya chini. Sikujua kwamba unakuja na farasi, mkwe. Ningejua, ningengoja."

Gunia lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa nyuma. Tayeb aliingiza mkono. Maganda ya kijani, magumu, baridi, yenye vitone vitatu na mstari, na hayakuwa na harufu ya kitu chochote. Alisimama amekamata moja na hakujua aliweke wapi.

"Yule wa pikipiki anayasubiri haya kule njiani," Bili alisema. "Kwa haya tumeshampa neno. Yaliyobaki hayaguswi. Nitafunga majani sasa hivi." Na kweli alikata kuti, akalisuka, akaenda kulifunga mwanzo wa mteremko mbele ya watu, alama ya kwamba atakayechuma hapo kabla ya wakati ameiba mali ya mkwe wa nyumba. Jambo hilo hata pikipiki nyekundu inaliogopa.

Mama Peda alimtokea nyuma ya nyumba. Begani alikuwa na kitambaa cha kufumwa, cha buluu iliyokolea, na mkononi kamba. Kwenye kamba, mbuzi dume mweupe.

"Mkwe," alisema, "ukileta farasi unarudishiwa kitambaa na nguruwe. Kitambaa hiki. Na nguruwe wako huyu. Ana pembe kidogo." Akamwekea kitambaa begani, akatoa kisu kipya ambacho bado kilikuwa na karatasi ya dukani. "Kisu hakijagusa kitu. Mchinje mwenyewe kwa Mungu wako."

Tayeb alimtazama yule mbuzi, kisha akaitazama ardhi alipokuwa amefungwa. Nyasi zilikuwa zimeliwa kwa duara mpaka udongo unaonekana, na mavi yalikuwa ya siku nyingi. Mbuzi hali nyasi kiasi kile kwa siku moja wala mbili. Alikuwa amefungwa pale tangu Jumanne au kabla. Simu ilipigwa Jumatano.

"Mama," alisema polepole, "umenifanya nini?"

"Nimekufanya mtu wa nyumba. Ulitaka nini, risiti?"

"Nilikuja kuokoa mali yangu."

"Na mimi yangu." Alitema tambuu. "Mgeni mwenye pesa hapa hana mlango, Haji. Ungeleta pesa, Bili angekushukuru leo, kesho angechuma. Mkwe hachumiwi. Miaka mitatu unakuja hapa, unakunja uso, unasema zimechumwa changa. Nyumba hii nimekaa miaka thelathini na zaidi, hakuna farasi aliyewahi kuingia kwa mlango wangu, sina binti wa kumleta. Kuna neno lolote mimi nimewahi kusema hapa likasikika?" Akamfungua mbuzi kamba ya shingoni. "Nimeozesha maua miaka kumi, mahari sijaiona. Leo imekuja. Haya, chinja, watu wana njaa."

Akachinja. Nyama ilikuwa ngumu.

Wiki sita zilizofuata Tayeb alikonda. Kuti la Bili halizuii mvua, na mvua ilinyesha. Kila siku tatu alimtuma Dairo mtoni kuulizia kwa watu wanaovuka. Mizizi ipo? Ipo. Maganda yapo? Yapo. Kuna mtu amefariki tena? Hakuna, ila kuna mmoja anakohoa. Tayeb akamnunulia yule anayekohoa dawa, akampelekea kwa mkono wa Dairo, na mkewe alipouliza ni nani, alisema ni ndugu.

Ncha zikawa njano. Alipanda kilima mto umepungua, na magunia na mizani, akaona kwa macho yake mteremko mzima umening'inia, kila ganda na kovu lake, yote isipokuwa mistari miwili ya chini. Walichuma siku nne. Mama Peda alipita mbele akigusa, akisema hili ndiyo, hili bado. Hakuna aliyembishia, hata Bili, ambaye sasa alimwita dada mbele ya watu.

Walipomaliza walikaa barazani. Tambuu ilizunguka. Mama Peda akataja bei.

Ilikuwa bei kubwa. Haikuwa ya wizi. Ilikuwa ni ile ambayo Tayeb mwenyewe angefikia baada ya asubuhi nzima ya kubishana, kuondoka, kurudi, kukunja uso, na kidogo juu yake. Akafungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari ulimini, yale ya siku zote, zimechumwa changa. Dairo akakohoa. Bili alikuwa anamtazama kwa upendo.

"Mkwe habishani bei na nyumba ya ukweni," yule mtu mnene wa matangani alimwambia baadaye, alipomsimulia. "Unaomba unapewa, wanaomba unawapa. Ukibishana nao ni kama kuvua nguo sokoni."

Tayeb alilipa alichotajiwa.

Ukitaka kujua nani alipata nini, mambo yalikaa hivi. Surabaya walichukua vanila yote na wakaomba zaidi. Mkewe alipata bangili, nyembamba kuliko zile za kwanza, na hakuacha kusema. Tayeb alipoteza mistari miwili, farasi, na kamba yake, na katika kijiji chenye vanila bora kuliko vyote alipoteza kitu alichokuwa akiishi kwacho, haki ya kukunja uso. Mwezi wa nane Bili alituma habari kwamba nyumba inavuta jiwe la kaburi la Mzee Lende, na kwamba wakwe wanatarajiwa na farasi wao, hapo na kila sherehe itakayofuata.

Mama Peda alipata bei yake, na akapata kiti katika mazungumzo ya nyumba. Siku ya kufa kwake, walau mtu mmoja atasimama langoni na farasi, ataje mlango wake. Lakini msimu uliofuata yule wa pikipiki nyekundu alikuja, amepata mnunuzi mpya wa ng'ambo anayetaka zilizoiva, akataja bei ambayo Weekaroro haijawahi kuisikia, mara mbili ya ile ya Tayeb. Mama Peda akafunika beseni kwa kitambaa chake.

"Siwezi," alisema. "Nina mkwe." Watu waliokuwepo walisema alilitamka neno hilo kama mtu anayemeza mwiba wa mchungwa.

Tayeb alisimuliwa hayo akiwa kwenye soko la wanyama, mjini, asubuhi, mikono yote miwili ndani ya mdomo wa farasi wa kijivu. Akamgeukia mwenye farasi, mtu asiyemjua, asiye ndugu yake kwa upande wowote, akakunja uso.

"Huyu mzee sana," alisema. "Na kamba ni ya nani?"